Tumbaku Safi Kutoka Tulia

Kalondu, mwaitu, jina la mama yangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Ndunge, na najua utarudi kichwa kinauma na hutaki kuongeleshwa na mtu. Kwa hivyo naandika sasa, jua bado lipo, nimekaa kwa hii meza yako ya kusomea, na sanduku lako liko wazi kitandani. Sijapekua. Nimeinua tu ile sweta ya bluu, na sababu yake utaiona mbele.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutokopesha watu wa plot, mamako ameshayamaliza tangu juzi, tena mara mbili. Mimi sina ya kuongeza. Ukicheka mwandiko wangu, cheka. Sisi watu wa maabara tumezoea kuandika tumevaa glavu.

Tangu siku ile kwa susu, kabla ya mvua, hujaniita baba. Sio kwamba umenikosea adabu. Unaniambia "sawa", unaniambia "ndio", unaniwekea chakula, unanisalimia vile watu husalimia yule mtu wa kusoma mita. Najua ni kwa sababu ya neno moja nililomjibu susu, bibi yako, mbele yako. Kesho asubuhi unaenda Kibwezi kuanza kazi, na sitaki uende ukifikiri lile neno lilinitoka hivi hivi. Hiyo ndiyo barua. Ukitaka, unaweza kuiacha hapa.

Kama bado unasoma, basi ngoja nianze na tumbaku.

Unakumbuka ile kazi iliyokuja kwetu maabara mwaka jana, ya majani ya tumbaku kutoka mbali, wenyewe wakitaka kujua yamebaki na dawa gani za wadudu. Sisi tulikuwa tumezoea maembe, ndengu na mishiri, yale maharagwe mabichi, ya huko huko Kibwezi unakoenda. Tumbaku ilikuwa mgeni. Na tumbaku, mwaitu, ni chafu. Simaanishi udongo. Ina nikotini, ina nta, ina sukari, ina vitu vya rangi, na vyote vinaingia kwenye mashine pamoja na ile dawa unayoitafuta. Unasaga majani, unapima kidogo, unalowesha na maji kwanza yavimbe, maana ni makavu na yanashikilia kila kitu. Unatia kiyeyushi, unatikisa mpaka mkono unachoka, unatia chumvi, unaweka kwenye ile mashine ya kuzungusha mpaka takataka zikae chini. Yale maji ya juu yanabaki ya kahawia, unayapitisha kwenye unga mweusi unaokamata rangi, na bado hayawi meupe. Hapo ndipo unayapeleka kwenye mashine kubwa, unangoja kwenye skrini uone kama mstari utapanda kilima mahali pa dawa fulani.

Sasa shida ni hii. Dawa ile ile, kiasi kile kile, ukiiweka ndani ya kiyeyushi safi inapanda kilima kimoja, ukiiweka ndani ya tumbaku inapanda kingine. Ule uchafu unaidanganya mashine. Kwa hivyo lazima uwe na tumbaku ambayo haijawahi kuguswa na dawa yoyote. Hiyo unaitia kiasi unachokijua mwenyewe, ndipo mashine ipate cha kulinganisha. Tunaiita blanki. Bila blanki nzuri unacheza tu.

Tulikuwa kwenye kikao tukijiuliza tumbaku ya namna hiyo itatoka wapi, na mimi nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mama yangu anayo," nikasema.

Bi Zuhura, mkubwa wetu, unamjua, yule wa Mwingi aliyekuletea halua ulipofaulu, aliniangalia juu ya miwani. "Mama yako analima tumbaku?"

"Ya mbaki. Ile ya kusaga ya kunusa. Anauza Tulia sokoni tangu sijazaliwa. Hajawahi kushika pampu ya dawa maisha yake yote."

Nilisema hivyo nikiwa na raha kabisa. Miaka yote nimefanya kazi, na mama hajawahi kuelewa ninafanya nini, na mimi sijawahi kupata njia ya kumuonyesha. Sasa tumbaku yake itakuwa ndiyo ya kupimia wengine wote. Nilienda Tulia Jumamosi hiyo nikarudi na shada la majani makavu, yale ambayo hayajasagwa na magadi. Hata sikumwambia ni ya nini. Nilitaka nikamalize kwanza ndipo nimwambie.

Majani ya mama yakapanda kilima.

Nilifikiri ni mashine. Nikaosha chupa upya, nikafungua kiyeyushi kipya, nikabadilisha hata glavu. Kilima kikapanda pale pale. Bi Zuhura akaja akasimama nyuma yangu. Yeye huwa hapigi kelele, na hiyo ndiyo shida yake, ungependa apige.

"Hii si dawa ya shamba," akasema. "Hii ni ya ghala. Ya unga. Umesema hii tumbaku imetoka wapi?"

"Kwa mama."

"Basi nenda ukaulize mama."

Kabla sijaendelea, acha nikuambie kitu ambacho hukuwa unakijua, kwa sababu ulikuwa mdogo, darasa la nne hivi. Mwaka huo dumuzi walikuwa wamemaliza mahindi ya watu Kitui nzima. Ukigusa gunia linatoa vumbi. Mimi nikanunua dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi, kopo zima, nikampelekea mama. Nikaingia naye ghalani nikamfundisha vizuri: unapukuchua, unaanika, unapima, unachanganya, unafunga, unangoja kabla ya kula, unaosha. Nilirudia mara tatu mpaka akachoka na mimi. "Nimesikia, mwalimu," akasema. Nilikuwa najivunia. Watu wengi hutupa tu kopo kwa wazazi wao wanaenda.

Nilipomaliza nikainama ili nitoke. Unajua ninavyoinama pale kwa susu. Nainama kwa sababu ya mashada ya tumbaku yanayoning'inia mlangoni kwa ndani, yanayonigonga kichwa tangu nilipopita urefu wa babu yako. Niliinama, nikapita chini yake, nikaenda zangu.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Silii, wala sijipigi kifua. Naona tu shingo yangu ikiinama. Nilikuwa nimesoma mambo ya dawa, ninalipwa kwa kazi ya kutafuta dawa mahali ambapo haifai kuwa, na lile shada lilinigusa nywele. Sikuuliza.

Siku ile tulipoenda, ulikuja na mimi kwa sababu ulikuwa umemaliza chuo na ulikuwa umemkumbuka susu. Ulienda jikoni kuwasha moto. Mimi nikaingia ghalani na mama, nikainua jani moja nikalifungua kwenye mkunjo, na ndani ya mkunjo kulikuwa na weupe.

"Mama, hii nyeupe ni nini?"

"Hiyo? Si ni dawa yako."

"Dawa yangu gani?"

"Ile ya mahindi. Wewe si ndiye ulisema inamaliza wadudu? Tumbaku nayo ilikuwa inatobolewa. Nikaimwagia kidogo. Tangu hiyo siku haijatobolewa tena, hata kidogo. Angalia."

Alikuwa ameinua shada analigeuza geuza anionyeshe. Alikuwa anangoja nimsifu.

"Umekuwa ukiweka kila mwaka?"

"Kila mavuno. Kopo likiisha nanunua lingine. Mimi ni mvivu?"

Na hapo, mwaitu, ndipo uliingia na sufuria ya chai ukanikuta ninatoa mfuko wa sampuli kwenye mfuko wa koti. Nakumbuka uso wako. Ulikuwa sawa kushangaa. Mtu mwingine angekaa chini, angemshika mama yake mkono, angesema ala, jamani. Mimi nilikuwa nafikiria nichukue majani ya juu au ya katikati. Nilikuwa nimekufa ganzi. Sio siku hiyo tu. Ganzi hiyo imekaa na mimi, nakula nayo, naenda nayo kazini. Watu hufikiri ganzi ni kutojali. Sijui watu wengine, lakini yangu haiko hivyo. Najali, ila siwezi kusikia nikijali.

Nikamweleza mama polepole. Kwamba ile dawa ni ya mahindi, yanangojwa, yanaoshwa, yanapikwa. Tumbaku haioshwi wala haipikwi. Inasagwa vile ilivyo na inaenda puani.

Alisikiliza yote. Hakukatiza hata mara moja, na wewe unamjua susu wako, hiyo peke yake ilikuwa mbaya. Halafu akauliza.

"Na babako?"

Nikafunga mdomo wa ule mfuko wa sampuli.

"Alikuwa ananusa hii hii mpaka ile wiki kifua kilimfunga. Ni mimi nilikuwa namsagia, mikono yake ilikuwa imeshindwa. Mvua ya pili tangu ulete dawa ndipo alikufa. Ni hii ilimuua?"

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye una mashine."

"Mashine inasema dawa iko, na ni kiasi gani. Haisemi ilimfanya nini mtu."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui."

Hapo ukaweka sufuria chini kwa nguvu, chai ikamwagika, ukanipigia kelele. "Baba, si useme tu hapana!"

Hukukosea kupiga kelele. Lakini nataka ujue kitu kuhusu ile hapana. Ilikuwa kwenye ulimi. Nilikuwa nayo tayari, hata ningeweza kuitetea. Babu yako alikuwa na kifua tangu ujana, tangu zile siku za vumbi la pamba kiwandani, na wewe mwenyewe unakumbuka alivyokuwa akikohoa ukimpelekea maji. Huenda dawa haikumfanya kitu. Mtu angesema "hapana, mama" na asiwe mwongo wa kutisha.

Ila nilijua angeniamini. Angeniamini mara moja, bila swali, vile aliniamini kuhusu lile kopo. Neno langu la mwisho alilolibeba hivyo lilikuwa ni lile la ghalani, "inamaliza wadudu", na alilifanyia kazi kila mavuno kwa bidii, mpaka likafika puani kwa baba yangu. Nilimwangalia akiningoja nimpe lingine. Mwaitu, niliogopa. Sikuwa na neno lingine la kumpa ambalo nilikuwa nalijua.

Baada ya hapo unajua. Alishusha mashada yote mwenyewe, akakataa tumsaidie. Nilibeba magunia nikayapeleka kazini yakateketezwe vizuri. Pale mahali pake Tulia, pale anapokaa na vikopo vyake na kile kifuniko cha soda cha kupimia, hakurudi tena. Wazee wakampigia simu, akawaambia ameacha biashara, hakuwaambia kwa nini. Halafu nikawaambia mimi, mmoja mmoja, kwa sababu ilibidi. Mmoja alicheka akaniuliza sasa atanusa nini, unga wa ugali? Mwingine alikata simu. Sikusikia kitu moyoni, kwa huyo wala kwa yule.

Nilikuwa ninaenda kumwona kila baada ya wiki mbili na pakiti ya sukari na majani ya chai, kama kawaida. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante, anaweka kwenye rafu. Mara iliyofuata ninakuta pakiti iko pale pale, haijachanwa, na yeye anakunywa chai kavu isiyo na sukari. Na nyingine inaongezwa juu yake. Hakunigombeza hata siku moja. Ila hakuwa anakula tena kitu kilichopita mkononi mwangu, na sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa nauangalia huo mkono.

Nikuambie kisa kingine kidogo, cha kazini. Zamani nilipokuwa mgeni nilipima ndengu za mkulima mmoja, sikuona dawa, nikaandika "hakuna". Bi Zuhura akachora mstari juu yake kwa kalamu nyekundu. "Ulienda shambani kwake ukaangalia kila punje?" Nikasema hapana. "Basi andika hukuona. Hakuna ni neno kubwa, liachie Mungu." Nilikasirika siku nzima. Nilifikiri ni mambo ya wanawake wakali. Siku hizi nikisikia mtu anasema "hakuna shida" nasikia hiyo kalamu.

Sikuambii haya ili uwe mtu wa maabara. Wewe unaenda kusimama nyuma ya kaunta ya agroveti, duka la dawa za shamba, kazi nzuri, umeipata kwa masomo yako na sio kwa kujuana. Watu watakuja kutoka mashamba ya kunyunyizia maji kule mtoni, na wengine kutoka kwenye ukame kabisa, wakiwa na haraka, wakitaka dawa ya hiki na ya kile. Utawafundisha vizuri. Najua utawafundisha, umechukua kwangu hiyo tabia ya kurudia rudia. Na wao watakwambia "nimesikia, mwalimu". Nilitaka tu ujue mimi nilikuwa mwalimu mzuri siku ile. Hakuna nilichosahau kuhusu mahindi.

Sasa, ya hivi karibuni, ambayo hujui.

Mvua ilipokuja susu alipanda tumbaku upya. Hakuniambia. Niliambiwa na yule jirani yake aliyekuja huku Matiliku kumwona dadake. Alikuja hapa nyumbani wewe ukiwa umeenda kwa mambo ya barua ya kazi, akanipa kitu kimefungwa kwa gazeti. Majani. Yamekauka vizuri, ya kahawia, yananukia.

"Amesema upime," akasema.

"Amesema nini kingine?"

"Hakuna. Upime tu. Na ameyaanika jikoni juu ya moto, sio ghalani. Hiyo amesema nikuambie."

Nikampelekea Bi Zuhura, nikamweleza, nikamuuliza kama inawezekana, maana mashine si ya baba yangu. Akanusa lile gazeti. "Bado tunahitaji blanki," akasema. "Ipime. Lakini uipime kama tumbaku ya mtu usiyemjua."

Nikajaribu. Nikaandika namba badala ya jina. Nikasaga, nikalowesha, nikatikisa. Nikarudia na jani lingine, na lingine, ili nisije nikapendelea moja. Skrini ikaenda ikaenda. Kile kilima kikubwa cha nikotini kikapanda kama kawaida, hicho hakikosi, na pale mahali pa dawa ya ghala mstari ukapita umelala. Nilikaa nikiutazama. Nilifikiri nitafurahi. Sikusikia kitu, ila nilisahau kwenda kula.

Jumamosi iliyopita ndipo nilienda Tulia. Mlidhani nimeenda kwa mazishi ya mtu wa kazini, na mimi niliwaacha mdhani hivyo. Mama alikuwa amekaa nje anachambua pojo. Nikakaa kwa kile kigoda cha babu yako.

"Nimepima, mama. Sikuona kitu."

Hakuinua kichwa. "Hukuona, ama hakuna?"

Wallahi, kama angekuwa Bi Zuhura. Nikasema, "Sikuona. Kuna mahali macho ya mashine yanaishia. Chini ya hapo siwezi kusema."

"Kama hili jicho langu la kushoto."

"Kama hilo."

Akachambua, akachambua. Kuku akaja, akamfukuza.

"Siku ile ulisema hujui," akasema. "Nimekaa na hiyo hujui yako mvua yote. Nalala nayo, naamka nayo. Ni kitu kibaya sana kulala nacho."

"Najua, mama."

"Hujui. Wewe una watu nyumbani." Halafu akapangusa mikono kwa leso. "Lakini yule anayeweza kuniambia hajui, nikiwa nimemwangalia usoni, akiniambia hakuona, basi hakuona."

Akaingia ndani. Akatoka na jani lililosagwa, kidogo, akaliweka kati ya vidole viwili, akanusa upande mmoja, akanusa wa pili. Akapiga chafya mpaka kuku wote wakatawanyika. Machozi yalimtoka, na sitakuambia yalikuwa ya tumbaku au ya nini, kwa sababu sijui.

Halafu akaenda kwenye rafu. Akashusha pakiti ya chini kabisa, ya kwanza, akaichana. Sukari ilikuwa imeshikana jiwe. Akaitia kwenye kinu akaanza kuitwanga, anaisema, "Ona sasa umeniletea sukari ya kuponda, kijana mzima," na mimi nimekaa pale kwenye kigoda cha baba yangu, mwanamume wa mvi. Ilikuwa furaha. Nakuandikia hivyo hivyo ilivyokuwa. Ilikuja kidogo, ikaondoka, ganzi ikarudi, lakini ilikuja. Tulikunywa chai tamu sana, mbaya.

Nikamwambia umepata kazi Kibwezi. Akauliza ya kuuza nini. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini, nikafikiri nimeharibu tena. Kisha akainuka, akaleta kikopo, kile chake cha bati chenye kifuniko cha kukaza, alichokuwa akikaa nacho sokoni. Akakijaza ile mbaki mpya.

"Mpe wajina wangu," akasema. "Asinuse, nikisikia ananusa nitakuja huko na fimbo. Akiweke kwa kaunta. Mzee akija kutaka dawa ya mahindi, ampe kidogo kwanza. Mtu akinusa hana haraka, atakaa, ataongea. Hapo ndipo amuulize, huko ghalani kwako kuna nini kingine? Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Alisema bila hasira, anakaza kifuniko. Ile ya mwisho alisema tu, na mimi nilikuwa pale nimeishika chai yangu.

Kwa hivyo kikopo kiko chini ya ile sweta ya bluu. Najua tumbaku yenyewe ni sumu, usinifundishe, mimi ndiye ninayeangalia kile kilima cha nikotini. Mwenye duka akikataa, mwonyeshe kuwa ni kikopo cha mzee, mwambie ni baraka ya nyanya yako, hakuna mtu Ukambani atakayekutoa kazini kwa hiyo. Kikiisha, tuma neno. Susu amerudi sokoni Tulia tangu Jumanne, amekaa mahali pake, na anauliza kila mtu habari zako kabla hajampimia.

Kesho nitakubebea sanduku hadi steji. Hatutaongea sana, najua, gari haingoji na mamako atakuwa analia. Lakini kama njiani utataka kuniuliza kama nilifanya vizuri siku ile kumjibu mama yangu vile nilivyomjibu, niulize. Unajua nitakachosema.

Babako,
Mutua